Sifa za Mchaguzi: Mitumba na Mavazi ya Picha ya Familia

Miongoni mwa stadi ambazo Afrika Mashariki imezikuza bila kuzijengea chuo wala kuzitolea cheti, imo ile ya kuivisha familia nzima kwa ajili ya picha moja kutoka katika marundo ya mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, zikakusanywa, zikachambuliwa, zikashindiliwa katika marobota na kusafirishwa kwa meli hadi Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Mwenye stadi hii, ambaye hapa ataitwa mchaguzi, mara nyingi ni mama wa familia, ingawa shangazi au binti mkubwa anaweza kuishika kazi hiyo vilevile, na ugumu wake wote unatokana na hali moja, kwamba nguo ya mtumba haina pacha. Anayenunua dukani akihitaji mashati manne ya rangi moja huyataja kwa saizi akafungiwa, lakini katika rundo kila nguo imetoka kiwanda chake, imefuliwa kwa maji yake na kupaukia jua lake, kiasi kwamba mchaguzi hawezi kamwe kutengeneza sare. Analoweza ni kuziunda nguo zisizojuana ziwe na undugu. Insha hii inashikilia kwamba undugu huo, ambao wengi huuona kuwa mbadala wa asiye na fedha, huifaa picha ya familia kuliko sare yenyewe.

Sare haidharauliwi hapa. Katika harusi za pwani na za bara, kundi la wanawake waliovaa kanga za jora moja au magauni ya kitenge kimoja hutangaza kwamba siku hiyo wapo upande mmoja, wamechangia pamoja na watacheza pamoja, na tangazo hilo lina uzuri na uzito wake. Picha ya familia, hata hivyo, haina upande wa pili wa kushindana nao, na kinachotafutwa na macho ya atakayeitazama miaka thelathini baadaye ni tofauti: mabega ya babu yalivyokuwa, yupi alikuwa mrefu kuliko nani, kitinda mimba alivyokataa kutazama mbele. Familia nzima ikivishwa fulana nyeupe na jinzi, kama ilivyo desturi iliyoingia kwa nguvu katika studio za mijini, watu wa rika tano hugeuzwa kuwa timu, na bibi wa miaka sabini, ambaye pengine hajawahi kuvaa suruali maishani, husimama katikati ya wajukuu zake kama mgeni katika mwili wake mwenyewe.

Wapigapicha wa zamani walilijua jambo hili kwa njia ya ufundi wao. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, na hata baadaye, wakati studio ya N. V. Parekh ilipokuwa ikipokea wateja Mombasa katika miaka ya 1940 hadi ya 1960, picha zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, na katika picha za namna hiyo rangi ya kitambaa haina maana yoyote isipokuwa kwa kiasi chake cha giza au mwanga. Gauni jekundu na koti la kijani kilichoiva, ambavyo machoni hupigana, vingeweza kutokea kwenye karatasi vikiwa kijivu kimoja, ilhali kanga mbili zilizopendeza kwa pamoja barazani zingeweza kuachana kabisa. Kwa hiyo aliyezoea kazi hiyo aliisoma nguo kwa giza lake kabla ya kuisoma kwa rangi yake. Huko Bamako, Seydou Keïta, aliyeanzisha studio yake mwaka 1948, aliweka suti, tai na saa za mkononi ili wateja wazivae kwa muda wa kupigwa picha, jambo linaloonyesha kwamba kuingia pichani na nguo ambayo jana haikuwa ya mvaaji ni mila ya heshima katika upigaji picha wa Afrika, na wala haikuletwa na mitumba.

Mitumba ilichofanya ni kuihamisha kabati ya studio hadi sokoni na kuifungulia watu wote. Tanzania ililegeza masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980 na Kenya ikafuata kwa mapana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo masoko kama Gikomba jijini Nairobi, Kongowea Mombasa, Karume na Manzese Dar es Salaam, au Memorial mjini Moshi, yamekuwa ghala ambamo koti la sufu lililoshonwa Ulaya hulala juu ya gauni la hariri ya Asia. Robota la kawaida, ambalo wauzaji wengi huliita belo, huwa na uzito wa karibu kilo 45, na likikatwa kamba alfajiri nguo zake huanza kushuka daraja papo hapo. Katika msamiati wa Gikomba, nguo za mchujo wa kwanza, zile ambazo wachuuzi wa maduka ya mjini huzinyakua kabla jua halijapanda, huitwa kamera, na zile za mwisho, zinazouzwa kwa sarafu chache ili meza isafishwe, huitwa fagia. Mnunuzi wa kawaida huamini kwamba kamera ndiyo nguo ya kutafuta. Mchaguzi wa mavazi ya picha hupita kwanza kwenye kamera kwa ajili ya watu wazima, ambao nguo zao ni adimu na hugombewa, kisha bila haya huinama kwenye fagia kwa ajili ya watoto, kwa kuwa anayeuza fagia anatazama kasoro kwa jicho la mvaaji, na yeye anazitazama kwa jicho la lenzi.

Tofauti ya macho hayo mawili ndiyo kiini cha stadi. Nguo ya kuvaa hukaguliwa pande zote, wakati nguo ya picha hukaguliwa upande mmoja na, kwa walio nyuma ya mstari, kuanzia kifuani kwenda juu tu. Doa la mgongoni halimzuii mchaguzi, wala zipu iliyokufa ikiwa ipo nyuma na pini zipo, wala upindo uliofumuka ikiwa mvaaji atasimama nyuma ya kiti. Kinyume chake, kola iliyolegea, ambayo mtu anaweza kutembea nayo mwaka mzima bila kuulizwa, huonekana pichani kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu imeuzunguka uso; na shati lililofuliwa mara nyingi hadi mabega yakawa na weupe wa unga huzeesha kijana kwa miaka kadhaa. Mkaguzi mzuri hushika kola kwanza, kisha mabega, kisha safu ya vifungo, na hufika kwenye makwapa mwishoni, akijua kwamba mikono itakuwa chini.

Adui wa kwanza wa kazi hii ni turubai. Vibanda vingi vya mitumba hufunikwa maturubai ya buluu au ya chungwa, na mwanga unaopenya humo huipaka kila nguo rangi yake, hata rangi ya maziwa huonekana samawati na kijivu huonekana kijani. Ndiyo maana mchaguzi aliyekomaa humwomba muuzaji ruhusa ya kuitoa nguo nje, akaiweka juani, kisha kivulini, na pale tu ndipo huilinganisha na kipande cha kitambaa alichokuja nacho mkobani. Muuzaji asiyekubali nguo yake ionwe na jua ameshajibu swali ambalo hakuulizwa.

Kipande hicho cha mkobani kinatoka kwenye nguo inayoweza kuitwa nguo mzazi, yaani vazi moja lenye maua au michoro ambalo ndani yake rangi za wengine wote huzaliwa. Mara nyingi ni kitenge cha mama au cha bibi, kikiwa kipya au cha zamani, na si lazima kitoke kwenye mtumba. Kitenge chenye damu ya mzee, haradali na buluu iliyoiva huwapa baba koti la buluu, mwana wa kwanza shati la haradali, binti sweta la damu ya mzee, na mtoto mchanga rangi ya maziwa iliyokuwa imejificha kwenye ukingo wa ua. Hakuna anayewiana na mwenzake moja kwa moja, lakini kila mmoja anawiana na kitenge, na kwa njia hiyo jicho la mtazamaji linaambiwa ukweli kuhusu familia, kwamba ndugu hufanana kupitia mzazi. Mchaguzi asiye na nguo mzazi hujikuta akilinganisha nguo mbilimbili, hii na ile, ile na nyingine, na kufikia ya tano tayari mnyororo umekatika.

Ngozi nazo huingia katika hesabu. Nyumba moja inaweza kuwa na mweusi tititi na wa maji ya kunde, na vifaa vya upigaji picha havikubuniwa kwa kumfikiria wa kwanza: kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Vifaa vya leo vimeboreka sana, lakini tatizo moja la kimsingi limebaki, kwamba kamera inayojipimia mwanga yenyewe huchukulia mandhari yote kuwa na mwanga wa wastani, na ikikutana na mashati mengi meupe hupunguza mwanga ili weupe usiungue, na nyuso nyeusi zikalipa gharama hiyo kwa kuzama gizani. Kwa sababu hiyo mchaguzi hukwepa nyeupe ya sabuni na kutafuta maziwa, mchanga na haradali, rangi ambazo huipa ngozi nyeusi mwanga bila kukidanganya kipima mwanga. Hukwepa pia polista inayometa, kwa kuwa hurudisha mwako wa taa kama bati, na mistari myembamba iliyosongamana, ambayo kwenye picha za kidijitali huzaa mawimbi yasiyokuwemo kwenye kitambaa. Nyekundu kali huipokea kwa mtu mmoja tu, naye humweka pembeni, maana nguo nyekundu iliyopigwa na jua hupaka uwekundu kwenye shavu la aliye jirani.

Maandishi ni suala jingine, na hapa hapana budi kuwa mkali. Mitumba imejaa fulana zenye majina ya shule za Marekani, mbio za hisani za Uingereza na makampuni yaliyokwisha kufungwa, na mtoto akivishwa moja ya hizo, picha hupata kichwa cha habari ambacho familia haikukiandika, kwa kuwa jicho la msomaji husoma herufi kabla halijafika usoni. Hata nembo ndogo ya kifuani ina nguvu hiyo. Fundi wa karibu na soko anaweza kuifumua kwa wembe kwa muda mfupi, ingawa kitambaa kilichokuwa chini yake huwa hakijapauka na hubaki na kivuli cha nembo, hivyo ni heri kuiacha nguo hiyo ikiwa zipo nyingine.

Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, na mara nyingi wenye miili hawapo. Mila imetoa vipimo vyake: kiuno cha suruali kikifungwa kifungo na kuzungushwa shingoni, ncha zake zikikutana, humtosha mwenye shingo ile, soli huwekwa dhidi ya soli, na kwa mtoto aliyebaki nyumbani huletwa nguo inayomkaa vizuri ikalazwa juu ya ile inayonunuliwa, mshono wa bega juu ya mshono wa bega. Baba hununuliwa kwanza, kwa kuwa nguo za wanaume wakubwa ndizo chache zaidi. Watoto hununuliwa siku za mwisho, kwa kuwa hukua, ingawa anayengoja hadi wiki ya Krismasi au ya Idi atazikuta bei zimepanda.

Wapo wanaoitazama biashara yote hii kwa jicho la lawama, na hawakosi hoja. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa sokoni nguo zilizotumika ili kuvifufua viwanda vya nyumbani. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo na kuushikilia, hata Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza mavazi bila ushuru mwaka 2018, huku majirani wakirudi nyuma. Ukingoni mwa Gikomba, Mto Nairobi hupokea matambara ambayo hata fagia imeyakataa. Stadi ya mchaguzi haifuti lawama hizo. Inachoweza kudai kwa haki ni kwamba mikono yake huokoa kutoka katika mkondo huo nguo ambazo hakuna mashine ya kuchambulia ingezitambua, na kwamba aghalabu humpa kazi fundi wa cherehani badala ya kumnyang'anya.

Fundi huyo, mwenye Singer yake ya kukanyaga pembeni mwa soko, ndiye anayekamilisha undugu. Hupunguza mabega ya koti la baba, hubana kiuno cha gauni la binti, hubadilisha vifungo vya shati la haradali viwe vya kahawia kama vya sweta la jirani yake, na kitenge cha mama kikibaki kipande, hukigeuza kuwa tai ya mtoto au mshipi wa shangazi. Mchaguzi humwagiza asikate kitambaa kinachozidi kwenye nguo za watoto bali akikunje ndani, vidole viwili kwenye suruali na kimoja kwenye mikono, mshono uwe wa mkono ili ufumuke kwa urahisi, kwa sababu suruali iliyonunuliwa kwa ajili ya picha ya Desemba inatarajiwa kwenda shule ya Jumapili Januari, kwenda harusini Agosti, na kumfikia mdogo wake mwaka utakaofuata ikiwa bado na urefu wa kutolewa.