Bomba la Sindano Kabla ya Dawa: Kuutuliza Moyo Unaokwenda Mbio Karagwe na Kyerwa

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ukiruka ghafla hadi 180 ilhali mwenyewe amekaa tu kibarazani, tiba zipo za aina tano: kukaza pumzi, dawa ya mshipani, mshtuko wa umeme, vidonge vya kila siku, na kuchoma njia ya umeme yenye hitilafu ndani ya moyo. Kwa mgonjwa wa Karagwe au Kyerwa, jambo la kuamua ni ipi ianze, na ianzie wapi. Hiyo ya mwisho iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mji wa Kayanga wilayani Karagwe. Ya kwanza inataka kitanda, wahudumu wawili na bomba la sindano la mililita 10. Hoja yangu ni kwamba hiyo ya kwanza ndiyo inayoweza kuwasaidia wengi zaidi katika wilaya hizi mbili, ila inapuuzwa kwa sababu imezoeleka kufanywa nusunusu.

Mbio zipi?

Kabla ya tiba yoyote lazima ijulikane moyo unakimbia kwa sababu gani. Aina ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote zahanati, ni moyo mzima unaoitikia tatizo la mahali pengine: malaria, upungufu wa damu, kuharisha, damu iliyopotea baada ya kujifungua, au tezi ya shingo inayomwaga homoni kupita kiasi. Mbio hizi hupanda na kushuka polepole. Isipokuwa yule wa tezi, mgonjwa wa namna hii hapewi dawa ya kupunguza mapigo. Anatibiwa homa, anaongezewa maji au damu. Ukiuzuia moyo wake usikimbie, umemnyang'anya kinga aliyobaki nayo.

Aina ya pili huanza ghafla na kuisha ghafla. Mapigo huwa sawasawa kabisa, mara nyingi kati ya 150 na 220. Hapa umeme wa moyo umepata njia ya ziada karibu na kituo kinachounganisha vyumba vya juu na vya chini, ukawa unazunguka kama bodaboda iliyoingia kipilefti ikakosa pa kutokea. Aina ya tatu ni mapigo yasiyo na mpangilio, ambapo vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kusukuma. Ya nne, ya hatari zaidi, huanzia vyumba vya chini.

Kinachozitenganisha ni kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Karatasi yake hutembea milimita 25 kwa sekunde. Wimbi la vyumba vya chini likiwa jembamba kuliko miraba midogo mitatu na mapigo yakawa na nafasi sawa, uwezekano mkubwa ni aina ya pili. Likiwa pana, mgonjwa ahesabiwe kuwa na aina ya nne mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Namna pumzi ilivyopimwa upya

Kukaza pumzi ili kubadili mwenendo wa damu kifuani kunabeba jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Bologna, Italia, aliyeandika kuhusu mbinu hiyo mwaka 1704 katika kitabu chake cha sikio. Kwa miaka mingi madaktari wamewaambia wagonjwa wa aina ya pili wajikamue kama walio chooni. Wachache walipona, wengi wakaishia kwenye sindano.

Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la REVERT, lililoongozwa na Andrew Appelboam katika idara za dharura za hospitali za Uingereza. Wagonjwa 428 waligawanywa makundi mawili yaliyo sawa. Wote waliegemea kitandani kwa pembe ya digrii 45 na kupuliza kwa sekunde 15, kwa shinikizo la milimita 40 za zebaki. Kundi la kwanza liliachwa limeegemea hivyohivyo. Kundi la pili, mara tu lilipoacha kupuliza, lililazwa chali na wahudumu wakainua miguu ya mgonjwa digrii 45 kwa sekunde 15 nyingine. Dakika moja baadaye, moyo ulikuwa umerudi katika mwendo wake kwa asilimia 17 ya kundi la kwanza, na asilimia 43 ya kundi la pili. Waliohitaji sindano ya adenosini walipungua kutoka asilimia 69 hadi 50, na hakuna madhara makubwa yaliyoripotiwa.

Siri iko kwenye miguu. Mtu anapopuliza kwa nguvu, kifua hubana mishipa na damu inayorudi moyoni hupungua. Akiachia, damu hurudi kwa kishindo; miguu ikiwa juu, inayorudi ni nyingi zaidi. Presha hupanda ghafla, vihisio vya shingoni vinashtuka, na neva ya vagasi inatuma amri ya kupunguza mwendo katika kile kituo cha katikati. Umeme uliokuwa ukizunguka unakuta njia imefungwa kwa muda mfupi, na mzunguko unakatika. Anayepuliza akiwa ameketi, akabaki ameketi, amefanya nusu ya tiba.

Kwa hiyo mgonjwa apulize ndani ya bomba la mililita 10 kiasi cha kusogeza kidogo pistoni yake. Huko ndiko kukaribia zile milimita 40. Mmoja wa wahudumu ahesabu sekunde, mwingine awe tayari kushusha kitanda na kushika miguu. Mashine ya ECG iendelee kuandika muda wote. Mbinu hii isiposaidia mara ya kwanza, irudiwe mara moja zaidi. Isifanywe kwa mgonjwa ambaye presha yake ya juu iko chini ya 90, anayepoteza fahamu au mwenye maumivu makali ya kifua, wala kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, kwa kuwa kundi hilo halikuwemo katika jaribio. Mtoto mchanga hawezi kupuliza. Yeye huwekewa usoni mfuko wenye maji ya baridi sana kwa sekunde chache. Kubonyeza macho, kulikokuwa kukifanywa zamani, kuachwe kabisa.

Pumzi ikishindwa

Hatua inayofuata ni adenosini miligramu 6 mshipani, na 12 ikibidi. Dawa hii haidumu: nusu yake hupotea kwenye damu chini ya sekunde 10. Ikipitishwa polepole kwenye mshipa mwembamba wa kiganja, inaisha kabla ya kufika. Inatakiwa mshipa mkubwa wa kiwiko, isukumwe kwa kasi, ifuatiwe papo hapo na mililita 20 za maji ya chumvi, mkono ukiinuliwa. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba kwa sekunde kadhaa atahisi kama anakata roho, na kwamba hali hiyo itapita.

Hapa kuna jambo linalowahusu hasa watu wa Karagwe na Kyerwa. Hii ni nchi ya kahawa, ya kunywa na ya kutafuna. Kafeini hukalia milango ileile ambayo adenosini huitafuta, hivyo kahawa ya saa chache zilizopita inaweza kuidhoofisha dawa. Swali la “umetafuna kahawa saa ngapi?” linastahili kuingia katika karatasi ya mapokezi. Aminofilini, inayotumiwa na baadhi ya wenye pumu, huleta kikwazo kama hicho, na adenosini yenyewe inaweza kuwabana kifua.

Pasipo adenosini, verapamili imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa taratibu, miligramu 5 kwa dakika mbili au tatu. Lakini ni dawa ya mawimbi membamba tu. Kumpa mtu mwenye mawimbi mapana, au mwenye moyo ulioshindwa kusukuma, kunaweza kumuua. Ndiyo maana karatasi ya ECG inatangulia bomba la dawa.

Aliyezidiwa, yaani presha imeanguka, akili imechanganyika au mapafu yanajaa maji, hasubiri dawa. Anapewa ya usingizi kisha mshtuko wa umeme unaoanzia jouli 50 hadi 100 kwa mapigo membamba yaliyo sawa, mashine ikiwa imeoanishwa na mapigo yake. Mshtuko usiooanishwa unaweza kuangukia wakati mbaya na kuusimamisha moyo uliokuwa bado unasukuma.

Mapigo yasiyo na mpangilio

Aina ya tatu haikatiki kwa pumzi wala kwa adenosini. Katika Afrika Mashariki mara nyingi huambatana na vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, na mgonjwa huweza kuwa kijana. Tiba ina matawi mawili: kupunguza kasi kwa bisoprololi au digoksini, na kuzuia damu isigande na kuleta kiharusi. Katika tawi la pili, jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, lililohusisha nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilionyesha kuwa kwa wenye vali za namna hii dawa za zamani za kundi la warfarini ziliokoa wengi kuliko rivaroksabani, iliyo mpya na isiyohitaji vipimo vya mara kwa mara. Warfarini inadai damu ipimwe kila baada ya muda. Kwa anayeishi kando ya barabara ya Omurushaka–Murongo, ukaribu wa maabara ni sehemu ya dozi.

Safari ya Dar es Salaam

Kwa anayerudiwa na aina ya pili, vidonge vya kila siku hupunguza vipindi bila kuondoa chanzo. Kinachoondoa chanzo ni mrija unaopitishwa mshipa wa nyonga hadi moyoni, ukachoma kwa joto njia ile ya ziada. Kwa aina hii hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Nchini, mahali pa kuiulizia ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015.

Lakini daktari wa huko atampokea mgonjwa ambaye moyo wake, siku hiyo, unapiga 72. Asipokuwa na kipande cha ECG kilichochukuliwa mbio zikiendelea, amebeba hadithi tu. Hivyo hospitali ya Nyakahanga, ya Isingiro au kituo cha afya chochote kinachomtuliza mgonjwa kina kazi tatu: kuchapa mawimbi kabla ya kupuliza, kuyachapa wakati wa kupuliza na baada yake, kisha kumpa mgonjwa nakala aitunze pamoja na kadi yake. Palipo na mashine ya ECG, gharama ya hayo yote ni karatasi, bomba moja na wahudumu wawili waliofanya mazoezi ya kuinua miguu kwa wakati. Halmashauri zote mbili zinaweza kuanza na hilo bila kungoja mashine mpya.