Harufu za Pipa, Harufu za Kizimbani

Stauti ya imperiali, bia nyeusi nzito iliyopata jina London karne ya 18 kwa kupelekwa kwa wakuu wa Urusi, hainywewi kwa pupa. Ikiwa imelazwa miezi kadhaa katika pipa la wiski, mwonjaji huinusa kwanza. Hukuta vanila, kisha karafuu, hata kama mpishi hakutia kiungo chochote. Ni kazi ya mbao: mwaloni uliobabuliwa kwa moto hutoa vanilini, na ndani yake mna yujenoli, ileile inayoipa karafuu harufu yake.

Kizimbani, nje kidogo ya mji wa Unguja, harufu zote mbili zimo shambani. Hapa ni miongoni mwa mahali mikarafuu ilipoanza kupandwa, mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuipanda ni Saleh bin Haramil al-Abri, ambaye baadaye mtawala Sayyid Said alimnyang'anya mashamba. Siku hizi mtembezaji huchuma jani, hulifikicha, humsogezea mgeni puani: "Haya, hii nini?" Mgeni hubabaika. Jina liko mdomoni, halitoki.

Lakini ufundi wa kustahiwa zaidi ni wa vanila. Ua lake hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo. Mkulima huchana ua kwa kijiti, huinua kijiwambo kinachotenga dume na jike, kisha huvibana pamoja kwa kidole gumba. Njia hiyo aliigundua Edmond Albius mwaka 1841 kisiwani Réunion, akiwa mtumwa wa miaka 12. Dunia nzima ya vanila ingali inamdai shukrani mtoto yule.

Ganda hukaa mtini takriban miezi tisa, na likichumwa bichi halinukii. Huchovywa katika maji ya moto, hufunikwa mablanketi litoke jasho, huanikwa, kisha hufungiwa sandukuni kwa miezi. Hapo ndipo vanilini hujitokeza. Kilo tano au sita za maganda mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu.

Pipa lina wasifu wengi, na linastahili. Kazi ya mikono ya wakulima hawa nayo ionjwe kwa utulivu uleule. Lishike ganda lililoiva vyema: jeusi, lina mafuta, laini. Lizungushe kidoleni. Likipasuka, lilikaushwa kupita kiasi.