Sharti Lisilo na Jina: Uhakiki wa Namna ya Kuziuliza Ontolojia

Barabara itokayo Thika hugawanyika Makutano: tawi moja huelekea Sagana na Nyeri, la pili Embu na Meru. Kwa tawi hili la pili huteremshwa miraa ya Igembe na Tigania pamoja na muguka wa Mbeere. Kwa mtaalamu wa mimea, yote mawili ni spishi moja, Catha edulis. Kwa mtafunaji, miraa ni vijiti na muguka ni majani. Mnamo Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka. Ikulu ilijibu kwamba zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri ile kwa muda. Hapo kuuliza iwapo muguka ni miraa kulikuwa kuuliza juu ya riziki ya watu.

Makala hii yachunguza swali hilo linapoingizwa katika ontolojia, yaani mpango wa dhana ambao kompyuta huweza kuusoma. Lugha ya OWL, iliyopitishwa na W3C mwaka 2004, humruhusu mtunzi kuandika kwamba Muguka ni kundi dogo la Miraa. Aidha, humruhusu kuongeza sharti: kila muguka hutafunwa majani. Yafaa ieleweke kwamba katika OWL sharti lenyewe ni kundi, yaani kundi la vitu vyote vinavyolitimiza, ila kundi hilo halina jina.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya uulizaji uliozoeleka. Mwulizaji atumiaye SPARQL huuliza, "Muguka ni kundi dogo la nini?" kisha huchuja yasiyo na majina. Jibu huwa neno moja tu, Miraa. Sharti limo katika maandishi, lakini limetupwa pamoja na makapi. Ili alipate, hana budi kuuliza juu ya viungo vyake: linahusu uhusiano gani, na linadai nini juu ya uhusiano huo.

Wala si masharti yote yenye uzito mmoja. Sharti la "angalau" hudai kwamba kila muguka una mahali pamoja, au zaidi, Embu unapolimwa. Halikatazi kulimwa kwingineko. Sharti la "pekee" hukataza kwingineko, lakini hutimizwa hata na kitu kisicholimwa popote. Tena, sharti lililoandikwa kama la lazima halitoshi kuwa fasili: kila muguka hutafunwa majani, lakini si kila kitafunwacho majani ni muguka. Mwulizaji asiyetenganisha mambo haya hupokea jibu sahihi kwa swali asilokusudia.

Wapo watakaodai kwamba kazi hii yaweza kuachiwa programu za kufikia hitimisho. Kwa hakika programu hizo huonyesha kipi kimo katika kundi gani. Hata hivyo, asomaye orodha ya wanakundi hajaambiwa kwa nini wamo. Na mzozo wa Mombasa ulihusu hasa hilo "kwa nini". Isitoshe, kwa kanuni ya OWL, kisichoandikwa hakihesabiwi kuwa si kweli. Mwenye kuona kimya akasema "hakuna sharti" amekosea mara mbili: sharti lilikuwapo, na hata lisingalikuwapo, kimya si kanusho.

Wanaisimu wa Kiswahili wana sababu ya kulitambua kosa hili mapema. Katika sarufi, sharti la ngeli halifichiki. Wapo wasemao muguka umepanda bei, na wapo wasemao muguka imepanda bei. Kiambishi hutangaza hadharani msemaji ameliweka neno katika ngeli gani, na msikilizaji huweza kumpinga papo hapo. Ontolojia haina kiambishi cha namna hiyo. Kwa hiyo kamusi ya kompyuta isikubaliwe kwa wingi wa majina yake tu. Iulizwe kwanza masharti yake, moja moja, na kila sharti lipewe maelezo kwa Kiswahili kinachoeleweka na mkulima wa Mbeere, ambaye fasili hiyo yaweza kumfungia soko.