Usafi Baada ya Pakiti Kuondoka

Kiendeshi cha e1000, kilichoandikwa kwa ajili ya kadi za mtandao za Intel za gigabiti 1, kimo ndani ya Linux tangu zamani, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Sehemu ninayoipenda ni ile inayoanza pakiti ikishaondoka.

Kwenye kumbukumbu kuna duara la nafasi, kwa kawaida 256, kila moja baiti 16. Kiendeshi huandika humo data iko wapi na ina urefu gani, na kwenye nafasi ya mwisho ya pakiti huweka biti inayoiagiza kadi itoe taarifa ikimaliza. Kisha husogeza rejista ya mkia, inayoionyesha kadi nafasi zilizojazwa zinaishia wapi, kadi ikaanza kuchota. Tangu hapo kumbukumbu ile iko mikononi mwa kadi, na kiendeshi hakiigusi.

Kadi ikimaliza, huwasha biti ya ukamilisho kwenye nafasi ya mwisho ya pakiti, kisha hutuma ukatizi: ishara ya kuitaka prosesa iache kwanza ilichokuwa ikifanya. Gigabiti 1 hupitisha pakiti kubwa za Ethernet zaidi ya 80,000 kwa sekunde, na hakuna prosesa ya kusumbuliwa kwa kila moja. Kwa hiyo kishughulikia ukatizi kimefupishwa kweli kweli. Kinasoma rejista ya sababu, na kule kusoma ndiko kunakoifuta. Kikikuta sifuri, aliyeita ni kifaa kingine kwenye laini hiyohiyo, basi kinatoka. La sivyo kinaziba ukatizi wa kadi, kinaagiza usafi, na kuachia njia.

Usafi huanzia nafasi kongwe. Biti ya ukamilisho husomwa kabla ya kingine chochote. Ikiwa imewaka, kadi hunyang'anywa ruhusa ya kuifikia kumbukumbu, kumbukumbu hurudishwa kwa mfumo, nafasi hufutwa. Ikifuata pakiti ambayo haijakamilika, kazi inasimama hapo. Hakuna kuruka.

Ustadi wenyewe, kwangu, uko duara linapojaa. Mtumaji, yaani sehemu ya kiendeshi inayojaza nafasi, hufunga foleni ya pakiti zinazosubiri. Msafishaji, yaani sehemu inayofanya usafi, huifungua nafasi 32 zikipatikana, isije ikafungwa na kufunguliwa kwa kila pakiti. Lakini hao wawili wanaweza kuwa kwenye prosesa mbili tofauti. Mtumaji ameona duara limejaa, na kabla hajafunga, msafishaji amemaliza yote, akatazama foleni, akaikuta wazi, akaenda zake. Sasa mtumaji anafunga. Hakuna pakiti iliyobaki kwenye kadi, hivyo hakuna ukatizi wa kutuma utakaokuja kumwamsha mtu. Baada ya sekunde 5 Linux ingetangaza kwamba kadi imekwama, ilhali kadi ni nzima kabisa.

Waandishi waliliona hilo. Mtumaji akishafunga, huweka kizuizi cha kumbukumbu ili prosesa isipindue mpangilio wa kuandika na kusoma, kisha huhesabu nafasi upya. Zikiwa zinatosha, hufungua papo hapo. Msafishaji naye huweka kizuizi chake kabla ya kutazama kama foleni imefungwa. Kimoja bila kingine hakifai kitu. Ni mistari michache, na kila mmoja umekaa pasipoweza kukaa mwingine.

Ukatizi hufunguliwa mwisho kabisa, usafi ukiwa umekamilika. Kama bado kuna kazi, kiendeshi huomba zamu nyingine na kuuacha umezibwa.