Fiston Mwanza Mujila na hesabu ya pumzi

Medali ya dhahabu aliyoipata mwandishi Fiston Mwanza Mujila mjini Beirut mwaka 2009, kwenye Michezo ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa, ilikuwa ya fasihi, na kazi iliyompa ushindi iliitwa La Nuit. Nalitaja hilo mapema kwa sababu vijana wengi wa slamu, ushairi wa jukwaani, wanaomtazama kwenye video huondoka na mikono inayorushwa, jasho, na koo linalokwaruza. Wanaiga yale yanayoonekana. Kilichomfikisha alipo kiko kwenye maandishi, nacho kinaweza kufunguliwa na kuchunguzwa kipande kwa kipande.

Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, akasoma fasihi katika chuo kikuu cha mji huu, kisha akaenda Ulaya. Mwaka 2009 alifika Graz, Austria, akiwa mwandishi mwalikwa wa mji, akabaki huko na kufundisha fasihi ya Kiafrika chuoni. Amesimulia mara nyingi kwamba ujanani alitaka kuwa mpiga saksafoni, lakini chombo chenyewe hakikupatikana, basi akaamua sauti yake ishike nafasi hiyo. Magazeti huipenda habari hii kama kichekesho. Mimi naiona ni maelezo kamili ya kazi yake. Mpiga saksafoni hapimi wimbo wake kwa nukta na mkato, anaupima kwa hewa iliyomo kifuani: anavuta, anatoa, na hewa inapokwisha ndipo kipande cha muziki kinapokwisha.

Chukua orodha zake, ambazo ndizo uti wa mgongo wa riwaya yake ya kwanza, Tram 83, iliyotolewa Paris na Métailié mwaka 2014. Katika baa ya mji wa machimbo usiotajwa jina, watu hupita mlangoni kwa makundi: wachimbaji, wanafunzi waliogoma, watalii, wanamuziki, watu wa magendo. Mwandishi wa kawaida angewapa kitenzi, wafanye jambo. Mwanza Mujila huwapa majina tu, moja baada ya jingine, bila kituo, mkubwa kando ya mdogo, wa heshima kando ya kichekesho. Kwa kuwa kitenzi hakipo, sentensi haina mahali pa kutulia, na msomaji hujikuta anaharakisha bila kuambiwa aharakishe. Kasi hiyo haikuongezwa jukwaani, imo kwenye sarufi.

Mbinu hiyo ina ukoo. Waluba wana kasala, utenzi wa sifa unaotongolewa misibani na kwenye sherehe: jina la mtu, la baba yake, la bibi yake, majina ya kujigamba, mto wa kwao, matendo ya waliotangulia. Mtongoaji hana urefu uliopangwa. Akimwona mjomba wa marehemu ameingia, anaongeza tawi la ukoo; akiona watu wamechoka, anakata. Mwanza Mujila ameandika mashairi aliyoyaita kasala waziwazi, na ukimsikiliza akitumbuiza na wanamuziki wake wa jazi utaona ustadi ule ule wa kurefusha na kukata. Anarudia silabi ya kwanza ya neno kama mtu aliyekwama, anapandisha mpaka ukelele, kisha anashuka ghafla hadi mnong'ono. Wageni wa Ulaya hudhani anabuni papo hapo. Anachobuni ni urefu, mfumo wenyewe ni wa kale.

Kuhusu kibwagizo, sisi tuliolelewa na shairi la mizani kumi na sita tunajua kitakuja wapi: mwisho wa ubeti, baada ya vina. Katika Tram 83 kibwagizo ni swali la wanawake wa baa, na hudondoka popote, hata katikati ya mazungumzo ya Lucien, mwandishi, na Requiem, rafiki yake wa njia za panya. Kinakata sentensi, kinampa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi, na hapo hapo kinamkera. Kimuziki ni hodari sana.

Na hapo hapo ndipo ninapoona kasoro. Mhakiki wa Nigeria, Ikhide Ikheloa, aliishambulia riwaya hii kwa jinsi inavyowachora wanawake, na nadhani chanzo ni cha kiufundi pia: wamegeuzwa ngoma. Sauti inayorudi ili kutunza mdundo haiwezi kubadilika, na mhusika asiyebadilika si mtu. Hila inayong'ara kwa dakika tano jukwaani inachosha ikirefushwa hadi riwaya nzima.

Lakini kuacha vina kulimlipa. Shairi la vina likitafsiriwa hubaki maana bila mwili. Orodha na pumzi huvuka mpaka. Tafsiri ya Kiingereza ya Roland Glasser iliingia orodha ndefu ya Man Booker International mwaka 2016, na kitabu kikachukua Tuzo ya Etisalat. Tafsiri ya Kijerumani ya Katharina Meyer na Lena Müller ikaleta tuzo ya kimataifa ya fasihi mjini Berlin mwaka 2017, wakaigawana na mwandishi.

Mashindano ya slamu, tangu Marc Smith ayaanzishe Chicago miaka ya 1980, humpa mshairi dakika tatu hivi. Kanuni hiyo haipatani na kasala, inayokua kadiri ya watu waliopo. Ndiyo maana simshauri kijana wa Mitwaba au Katuba aichukue mbinu hii nzima nzima. Achukue sehemu moja: orodha isiyo na kitenzi, kwa pumzi moja, kisha kibwagizo mahali kisipotarajiwa. Na kabla ya kurudi kwenye video, atafute utafiti wa Clémentine Faïk-Nzuji juu ya kasala, uliochapishwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1974. Ausome kwa sauti, kalamu mkononi, akitia alama kila mahali hewa inapomwishia.