Wanaojua Kusoma Gwanda

Mpe mtaalamu wa mavazi ya kijeshi koti kuukuu la afisa wa Kijerumani, naye ataanza na kifua. Tai juu ya mfuko wa kulia? Nembo hiyo iliingia jeshini 1934, ingawa makoti ya zamani nayo yalishonewa. Vifungo vimefichwa? Huenda ni mtindo wa 1915.

Kisha mabega. Katika jeshi la nchi kavu la Hitler, luteni hakuwa na nyota, luteni wa kwanza alikuwa na moja, kapteni mbili. Rangi ya kitambaa kilicho chini ya kipande cha bega ilitaja kikosi: nyeupe askari wa miguu, nyekundu mizinga, waridi vifaru.

Maafisa walishonewa sare na mafundi binafsi, hivyo mfuko wa ndani mara nyingine huwa na lebo yenye jina la mteja na tarehe.

Lakini lebo hubandikwa, na matapeli hawalali. Mtaalamu hugeuza bitana, hulinganisha uchakavu wa uzi na wa kitambaa, kisha humulika kwa taa ya urujuanimno. Nyuzi nyingi za baada ya vita hung'aa.

Hongera zao wataalamu hawa! Ukirithi koti kama hilo, usilifue wala kubadili kifungo kabla hawajaliona.