Kujifundisha Kingozi: Hati za Nyumbani na Vitabu vya Wataalamu

Katika nyumba kadhaa za Lamu, Siyu, Pate na Mombasa zimo hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na warithi wake wengi hawawezi kuzisoma. Kiswahili wanakijua tangu utotoni, na herufi zenyewe walizisoma chuoni. Kinachowashinda ni Kingozi, yaani ile lugha ya kale ya watunzi wa pwani ya kaskazini. Atakaye kujifundisha mwenyewe huambiwa kwamba vitabu vipo. Makala haya yanakusudia kuvipima baadhi ya vitabu hivyo kwa mizani ya mwanafunzi huyo asiye na mwalimu.

Edward Steere, katika Swahili Tales kilichopigwa chapa London mwaka 1870, alitia shairi la Liyongo katika Kingozi pamoja na maelezo kwa Kiswahili cha Unguja. Kwa kazi ya awali namna ile, yastahili sifa. Hata hivyo maelezo ya aina hiyo hutoa maana ya mstari, hayatoi muundo wa neno. Mwanafunzi akutanapo na simeme ataambiwa kwamba maana yake ni "amesimama", lakini haambiwi kwamba hiyo ni njeo ileile iletayo lele kutokana na lala, na fungile au fungiye kutokana na funga. Akiishika kanuni hiyo moja, maneno mengi humfungukia bila ya kuyatafuta moja moja. Ndivyo ilivyo pia kwa kiambishi -to, chenye maana ya "vizuri". Kila Mswahili anacho kinywani atajapo manukato, lakini ni wangapi waliopata kuonyeshwa? Na kuna pale ambapo ujuzi wa Kiswahili cha leo humpoteza msomaji badala ya kumsaidia. Katika lahaja za kaskazini -i- hutumika kwa kujirejea mtenda, hata kuiona huweza kuwa "kujiona". Aliyelelewa Mombasa mjini kwa Kiswahili cha shule hatashuku lolote. Ataelewa kwamba kuna kitu kilichoonwa, naye amekwisha kupotea.

Kwa upande wa kamusi, iliyo bora kupita zote kwa kazi hii ni ile ya Charles Sacleux, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, kwa kuwa huonyesha neno ni la lahaja ipi. Lakini imeandikwa kwa Kifaransa. Mjukuu wa Siyu hana budi basi kujifunza lugha ya Paris ili aipate ya babu yake! Kamusi ya Johnson ya mwaka huohuo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, zilikuwa na shughuli nyingine: zilikitumikia Kiswahili Sanifu, ambacho mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikijenga juu ya Kiunguja. Si haki kuzilaumu kwa kutofanya kazi ambayo hazikutumwa.

Tatizo zito limo katika maandishi yenyewe. Katika hati nyingi za kale kisiri husimama kwa i na kwa e, dhuma kwa u na kwa o. Herufi ya b hubeba pia p, na mara nyingi mb. Kwa hiyo herufi zilezile huweza kusomwa kuku, koko au kuko. Na nyingine bata, pata au mbata. Mwandishi wa hati alimwandikia msomaji aliyekwisha kuusikia utenzi ukisomwa. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, walijaribu kuiziba kasoro hii kwa alama mpya, na Sheikh Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl waliirejea mada hiyo mwaka 1997. Marekebisho hayo hayamfai aliye na hati ya zamani mkononi, ila kwa kumwonyesha ni wapi pa kutilia shaka.

Hapa ndipo matoleo ya herufi za Kirumi yanapotaka kuangaliwa kwa makini. William Hichens alipoitoa Al-Inkishafi mwaka 1939, na James de Vere Allen alipoitoa tena mwaka 1977, kila e na kila o ilikuwa uamuzi wa mhariri. Msomaji huuona uamuzi. Shaka iliyoutangulia haioni. Mtaalamu ataweza kurudi kwenye hati, lakini mwenye kujifundisha huchukua kila irabu kama kauli ya mtunzi.

Hamziya ina nafuu fulani. Katika hati zake Kiarabu cha al-Busiri huandikwa pamoja na tafsiri ya Kiswahili, na aliyesoma chuoni aweza kukitumia Kiarabu kama fimbo ya kipofu. Fimbo hiyo ina hatari yake, maana mpangilio wa maneno hufuata mara nyingi asili ya Kiarabu, na mwanafunzi aweza kuudhani kuwa ni sarufi ya Kingozi. Mwaka 1968 Jan Knappert aliandika makala aliyoyaita kufumbuliwa kwa Hamziya, kana kwamba ni maandishi ya siri. Nadhani jina hilo lilipita kiasi: fumbo la maandishi hupungua sana mahali palipo na msomaji anayeghani.

J. W. T. Allen, alipotoa mwaka 1970 orodha ya hati za maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, aliziorodhesha pamoja na kanda za sauti. Idara zetu zingefanya vema kuufuata mfano huo, kwa kutoa ukurasa wa hati, usomaji wa Kirumi wenye kutaja shaka zake, na sauti ya mghani, zikianza na utendi wa Mwana Kupona wa 1858, ambao lugha yake i karibu zaidi na Kiamu cha leo, kabla ya kumtosa mwanafunzi katika Tambuka ya 1728.